Kutoka PhD ya uhandisi hadi kazi za fedha na biashara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa walio katikati au mwishoni mwa shahada ya uzamivu ya uhandisi, iwe mitambo, umeme, kemia, ujenzi au kompyuta, na wanataka kuhamia kwenye fedha au ushauri wa biashara. Mifano mingi ni ya Marekani, maana huko ndiko njia hii imekomaa na ndiko wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wanakokutana nayo kwa mara ya kwanza. Uingereza, Nairobi na Dar es Salaam zina sehemu zake chini.

PhD ya uhandisi inafungua milango gani hasa?

Michache kuliko watu wanavyodhani. Mlango wa kwanza ni wa kwanti, yaani wanaojenga modeli za hisabati za kununua, kuuza na kupanga bei za dhamana. Wa pili ni ushauri wa biashara: McKinsey, BCG na Bain zina utaratibu rasmi wa kuajiri wenye uzamivu wasio na MBA. Wa tatu ni vihatarishi na modeli za mikopo ndani ya benki. Wa nne, ambao wahandisi huusahau ingawa ndio unaowafaa kuliko yote, ni ufadhili wa miradi ya nishati na miundombinu.

Benki za uwekezaji, kwenye zile dawati za kuunganisha na kuuza kampuni, ni hadithi nyingine. Huko nafasi za chini hujazwa na wenye shahada ya kwanza waliofanya mafunzo kazini hapohapo, na za kati hujazwa na wenye MBA. PhD haikuzuii kuingia, lakini haikupi foleni yako.

Kosa la kawaida ni kuomba milango yote minne kwa wasifu mmoja. Kila mmoja una usaili wake, na maandalizi ya mmoja hayakusaidii sana kwenye mwingine. Chagua mmoja mkuu na mmoja wa akiba.

Sijasoma fedha hata somo moja. Kwa nini kampuni ya biashara ya hisa inihitaji?

Kwa sababu hisabati ni ileile. Mlinganyo wa Black na Scholes wa mwaka 1973, unaotoa bei ya haki ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyokubaliwa leo, ukibadilisha vigezo vyake unageuka kuwa mlinganyo wa upitishaji joto. Kiwango cha kuyumba kwa bei ya hisa kinakaa mahali pa kigezo cha msambao. Aliyewahi kuutatua mlinganyo huo kwa gridi, akahangaika na hatua ya muda iliyokuwa kubwa mno hadi jibu likalipuka, ameshafanya nusu ya kazi. Fischer Black mwenyewe alikuwa na uzamivu wa hisabati tumizi, na Robert Merton, aliyeiendeleza nadharia hiyo pamoja nao, alianzia hisabati ya uhandisi pale Columbia kabla ya kusomea uchumi.

Kampuni kama Jane Street husema wazi kwamba hazihitaji ujuzi wa fedha kwa mwombaji mpya. Zinachotaka ni uwezekano, takwimu, na mkono mwepesi wa kuandika programu. Python inatosha kuanzia. C++ inahitajika pale kasi ya mfumo inapokuwa ndiyo biashara yenyewe.

Wa umeme waliofanya uchakataji wa mawimbi, na yeyote aliyefanya uboreshaji au nadharia ya udhibiti, wanaanza mbele. Aliyefanya majaribio ya maabara tu, bila modeli na bila programu, ana kazi ya ziada ya miezi kadhaa.

Usaili wa kwanti ukoje?

Kwa kawaida kuna mtihani wa mtandaoni, kisha simu moja au mbili, kisha siku nzima ya mahojiano. Baadhi ya kampuni za kuuza na kununua huanza na hesabu za kichwa. Mtihani unaojulikana sana wa aina hiyo ni wa maswali 80 kwa dakika 8, yaani sekunde 6 kwa swali. Hapo uzamivu haukusaidii kitu. Fanya mazoezi ya dakika 15 kila siku kwa wiki sita, ukianza na desimali na sehemu, maana ndizo zinazowaangusha watu.

Maswali ya uwezekano huwa mafupi. Mfano: unarusha dadu na kulipwa dola kwa idadi ya nukta, lakini ukitaka unaweza kuikataa namba ya kwanza na kurusha tena. Mchezo una thamani gani? Rusho moja lina wastani wa 3.5. Kwa hiyo unabaki na 4, 5 au 6, ambazo wastani wake ni 5, na chini ya hapo unarusha tena. Jibu ni nusu ya 5 kujumlisha nusu ya 3.5, yaani 4.25. Ukiongezewa nafasi ya tatu, mwanzoni utabaki na 5 au 6 tu, kwa sababu 4 sasa ni ndogo kuliko 4.25: theluthi moja ya 5.5 na theluthi mbili za 4.25, jumla 4.67.

Swali lenyewe ni jepesi, na wenye PhD huliharibu kwa njia moja: wanakaa kimya wakitafuta fomula ya jumla. Msaili anataka kusikia ukianza na hali rahisi kabisa, useme unachodhani, kisha uongeze ugumu. Andaa pia rigresheni kwa undani (nini kinatokea vigezo viwili vikifanana mno, kwa nini modeli inang'aa kwenye data ya zamani na kufa kwenye data mpya), aljebra ya matriki, na matatizo ya kawaida ya programu kama kupanga, kutafuta na kuhifadhi kwenye kamusi.

Na usaili wa kampuni za ushauri?

Kule unapewa tatizo la kampuni, dakika 30 hivi, mnalijadili. Faida imeshuka, kwa nini? Tuingie soko hili au tusiingie? Kabla ya hapo huwa kuna jaribio la kompyuta. La McKinsey linaitwa Solve na liko kama mchezo.

Sehemu moja ni kukadiria ukubwa wa soko. Tuseme gesi ya kupikia Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.4 mkoani humo. Chukulia watu 4 kwa kaya: kaya 1,350,000. Chukulia nusu wanapikia gesi: 675,000. Kila moja ikimaliza mtungi wa kilo 6 kwa mwezi, ni tani 4,050. Halafu, na hapa ndipo alama zilipo, eleza namba ipi huiamini zaidi. Hiyo nusu ndiyo dhaifu, na pia mama lishe na mahoteli hawamo. Mhandisi anajua uchambuzi wa makosa. Autumie hapo badala ya kuhangaika kama kaya ni 4 au 3.7.

Kinachowaponza watafiti ni mpangilio wa jibu. Kwenye tasnifu unaanza na usuli, unapita kwenye mbinu, unafika kwenye matokeo. Kwa mteja unaanza na jibu: "Msifungue kiwanda cha pili, kwa sababu tatu." Tabia hiyo haibadiliki kwa kusoma, inabadilika kwa kufanya mazoezi ya sauti na mtu mwingine. Matatizo 25 hadi 40 na wenza tofauti ni kiwango cha kawaida. Zaidi ya hapo watu huanza kukariri na inasikika.

Mwenye PhD huingia ngazi sawa na mwenye MBA. Kampuni hizi pia huendesha programu fupi za siku chache kwa watafiti, kama Bridge to BCG, na anayefanya vizuri humo huitwa kwenye usaili. Nairobi kuna ofisi za McKinsey, BCG na Dalberg, na Kiswahili huko ni mtaji wa kweli, hasa kwenye kilimo, afya na fedha za simu.

Nifanye CFA?

CFA ni cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, na jibu linategemea mlango. Kwa kwanti na ushauri, haibadilishi kitu. Kwa usimamizi wa mifuko, uchambuzi wa hisa na hatifungani, na kwa soko la Nairobi na Dar ambako waajiri wanaiheshimu mno, ina uzito.

Ina ngazi tatu. Ngazi ya I ina maswali 180 ya kuchagua, vipindi viwili vya dakika 135 kila kimoja, na hutolewa mara nne kwa mwaka: Februari, Mei, Agosti na Novemba. Taasisi yenyewe inapendekeza saa 300 za kusoma kwa kila ngazi. Ili uandikishwe rasmi unahitaji pia saa 4,000 za kazi inayohusiana, ndani ya muda usiopungua miezi 36. Kwa hiyo cheti kamili hakipatikani ukiwa bado maabara, ingawa ngazi ya I inawezekana kabisa.

Wahandisi hufeli ngazi ya I kwa namna inayotabirika. Wanamaliza wiki tatu kwenye sehemu ya takwimu, ambayo wanaijua na ina uzito wa asilimia 6 hadi 9 tu, kisha wanagusa juujuu maadili ya kazi yenye asilimia 15 hadi 20 na uchambuzi wa hesabu za kampuni wenye 11 hadi 14. Anzia hesabu za kampuni: mizania, taarifa ya mapato, mtiririko wa fedha, na jinsi tukio moja linavyogusa zote tatu. Na nunua kikokotoo mapema. Kinachoruhusiwa ni Texas Instruments BA II Plus au HP 12C, na kile chako cha kisayansi kitabaki mlangoni.

FRM na mitihani ya aktuari je?

FRM ni cheti cha vihatarishi: sehemu ya kwanza maswali 100, ya pili 80, saa nne kila moja, na miaka miwili ya kazi. Kwa mhandisi ni fupi na inaendana na anachokijua kuliko CFA. Uaktuari, yaani hesabu za hatari za bima na pensheni, ni fani nzima yenye ngazi nyingi za mitihani. Usiianze kama pambo la wasifu.

MBA inahitajika?

Kwa kwanti, hapana. Kwa ushauri, hapana, mlango wenu upo tayari. Kwa benki za uwekezaji, mara nyingi ndiyo. Miaka miwili ya MBA ya Marekani baada ya mitano ya PhD ni gharama kubwa; ile ya INSEAD, shule ya biashara ya Ufaransa, ni miezi 10. Wanafunzi wa viza wana mtego zaidi hapa, tunaueleza chini.

Shahada za uzamili za hisabati ya fedha, kama ile ya Baruch au Carnegie Mellon, zimetengenezwa kwa wenye shahada ya kwanza. Mwenye uzamivu anayejua kuandika programu atalipia masomo ambayo angeyasoma mwenyewe kwa miezi minne. Zinafaa tu kama unahitaji ofisi yao ya ajira.

Nimalize au niondoke na uzamili?

Angalia ulipo. Ukiwa mwaka wa kwanza au wa pili, na mlango unaoutaka ni uchambuzi wa data au benki, kuondoka na uzamili ni uamuzi wa busara. Ukiwa umebakiza mwaka mmoja, maliza: kwa kampuni za kwanti na za ushauri, PhD isiyokamilika inakurudisha kwenye foleni ya wenye uzamili, ngazi na mshahara vikishuka pamoja nayo. Eneo gumu ni mwaka wa tatu. Hapo kipimo kizuri ni makala zako: kama hakuna hata moja iliyotumwa na msimamizi hana tarehe, muda uliobaki huenda ni mrefu kuliko unavyojiambia.

Viza ya mwanafunzi Marekani inaniruhusu kufanya kazi ya fedha?

Inaruhusu kama kazi inahusiana moja kwa moja na ulichosomea. Ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo, iitwayo OPT, ni miezi 12, na wenye shahada za sayansi na uhandisi huongezewa 24. Maombi hufunguliwa siku 90 kabla ya tarehe ya kumaliza programu na hufungwa siku 60 baada yake. Katika miezi 12 ya kwanza huruhusiwi kuzidisha siku 90 bila kazi. Ukipata nyongeza, jumla inakuwa 150.

Nyongeza ina masharti ambayo huvunja mipango. Mwajiri lazima awe kwenye E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki kwamba mfanyakazi anaruhusiwa kufanya kazi, na lazima mjaze fomu I-983 inayoeleza mafunzo na uhusiano wake na shahada. Mhandisi mitambo anayekwenda kuwa kwanti asiandike "uchambuzi wa masoko". Aandike mbinu: utatuzi wa milinganyo kwa kompyuta, uigaji wa nasibu, uboreshaji, na aonyeshe sura za tasnifu zilizotumia hayo. Kampuni ndogo za uwekezaji mara nyingi hazijajiandikisha E-Verify. Uliza kabla ya usaili wa mwisho.

Sasa ule mtego wa MBA. OPT mpya hutolewa unapopanda ngazi ya elimu. Ukishatumia OPT ya uzamivu, kisha ukasoma MBA, umeshuka ngazi, na OPT nyingine ya miezi 12 haipo. Watu hugundua hili wakiwa wameshalipa ada.

Baada ya hapo ni viza ya kazi ya H-1B, yenye kikomo cha 85,000 kwa mwaka, 20,000 kati yake zikiwa za wenye uzamili au zaidi kutoka vyuo vya Marekani. Usajili ni Machi, kazi huanza Oktoba. Septemba 2025 likatolewa tamko la rais linaloweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya nchi, kwa hiyo kuondoka Marekani kabla ya kubadilisha hadhi kunahitaji ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji. Wa rafiki hautoshi.

Uingereza ni rahisi zaidi: viza ya wahitimu kwa wenye uzamivu ni miaka mitatu, na mwajiri hahitaji kukudhamini katika muda huo.

Nianze lini?

Mapema kuliko tarehe ya kutetea tasnifu inavyokushawishi. Kampuni za kwanti na za ushauri hufungua maombi ya mwaka unaofuata kati ya Julai na Septemba, na nyingi hujaza nafasi kadiri maombi yanavyoingia. Ukitetea Mei 2028, maombi yako yanatakiwa yawe yametumwa katikati ya 2027, na mafunzo kazini uliyoyafanya majira ya joto ya 2027 ungekuwa umeyaomba katikati ya 2026. Anayeanza kutafuta baada ya kukabidhi tasnifu anakuwa amekosa msimu mzima huku zile siku 90 zikihesabiwa.

Wasifu wangu una kurasa saba. Nipunguze nini?

Ubaki na ukurasa mmoja. Orodha ya makala inakuwa mstari mmoja wenye idadi. Majina ya mashine za maabara yanaondoka. "Nilichunguza mtiririko wa joto kwenye bapa za tabo" haimwambii msomaji lolote. "Niliandika programu ya C++ iliyoshusha muda wa kukokotoa kutoka saa 40 hadi 3, ikatumiwa na watafiti wenzangu watano" inamwambia. Uongozi wowote wa kweli unaingia, hata ukiwa ni utunza hazina wa chama cha wanafunzi wa Afrika, mradi uweke kiasi cha fedha ulichosimamia.

Nimwambie msimamizi?

Ndiyo, lakini ukiwa na ratiba mkononi: sura zipi zimebaki, makala ipi itatumwa lini. Msimamizi anayelipa mafunzo yako kutoka kwenye ruzuku ya utafiti anaogopa kitu kimoja, kwamba utaondoka kazi ikiwa nusu. Kama unajua ni mtu wa kulipiza, tafuta kwanza mjumbe mwingine wa kamati yako. Mafunzo kazini ya kiangazi huhitaji kibali cha chuo (kwa F-1, viza ya mwanafunzi ya Marekani, kinaitwa CPT) na mara nyingi saini yake, kwa hiyo kumficha kabisa hakuwezekani.

Nikirudi Nairobi au Dar es Salaam, kazi hizi zipo?

Za kwanti wa masoko ni chache mno. Soko la derivativu la Nairobi, yaani la mikataba inayopata thamani yake kutokana na bei za hisa, lilifunguliwa 2019 na bado ni dogo. Dar halina ukwasi wa kulisha dawati la aina hiyo. Lakini sehemu mbili zina njaa ya watu wa hesabu.

Ya kwanza ni modeli za mikopo. Tangu Januari 2018 kanuni ya kimataifa ya uhasibu ya IFRS 9 inazitaka benki zitenge hasara inayotarajiwa kabla mkopo haujaharibika. Hesabu ya msingi ni uwezekano wa mkopaji kushindwa, mara sehemu ya mkopo itakayopotea, mara kiasi kinachodaiwa. Mkopo wa shilingi milioni 10, uwezekano asilimia 4, upotevu asilimia 45: unatenga 180,000. Ugumu uko kwenye ile asilimia 4, hasa kwa mikopo ya simu, ambako mkopaji hana dhamana wala hati ya mshahara na data pekee ni miamala yake.

Ya pili ni ufadhili wa miradi, na hapa mhandisi anamzidi mhasibu. Chukua shamba la upepo lenye makadirio ya kati ya GWh 400 kwa mwaka, kiwango kinachoitwa P50. Mkopeshaji haangalii hicho. Anataka P90, uzalishaji unaotarajiwa kufikiwa au kuzidishwa kwa uwezekano wa asilimia 90. Mchepuko wastani ukiwa asilimia 8, unapunguza mara 1.28 ya hiyo: GWh 359. Kwa bei ya senti 8 za dola kwa uniti, mapato yanashuka kutoka dola milioni 32 hadi 28.7. Toa milioni 8 za uendeshaji. Kama marejesho ya mkopo ni milioni 17 kwa mwaka, uwiano wa fedha inayobaki kwa marejesho ya deni ni 1.41 kwa P50 lakini 1.22 kwa P90. Mkopeshaji anayetaka 1.3 kwa P90 atakwambia upunguze deni hadi marejesho yawe milioni 15.9, na pengo lijazwe na mtaji wa wenye mradi. Anayeweza kubishana naye kuhusu ile asilimia 8, kwa vipimo vya minara na modeli ya upepo, ni mtu aliyesoma uhandisi.

Waajiri wa kazi hii ni benki za maendeleo kama ya Afrika Mashariki iliyoko Kampala, Benki ya Maendeleo ya Afrika, IFC (tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi), na vitengo vya miundombinu vya benki kubwa za biashara. Programu ya vijana wataalamu ya Benki ya Maendeleo ya Afrika ina kikomo cha umri wa miaka 32, na PhD ndefu humaliza nafasi hiyo kimyakimya. Upande wa vyeti, Kenya ina CIFA ya KASNEB (cheti cha uwekezaji cha bodi ya mitihani ya huko), yenye bei nafuu kuliko CFA lakini isiyobebeka mbali nje ya kanda.

Nimepewa ofa. Nisome nini kwenye mkataba kabla ya kusaini?

Soma vipengele vitatu. Kwanza, kizuizi cha kwenda kwa mshindani: kampuni za kwanti huweka miezi 6 hadi mwaka au zaidi, na la muhimu ni kama utalipwa mshahara katika muda huo. Ukiwa kwenye viza, muda wa kukaa nyumbani unaweza kugongana na hadhi yako, kwa hiyo liulize swali hilo kwa maandishi. Pili, bonasi ya kusaini: nyingi hurudishwa yote ukiondoka ndani ya miezi 12. Tatu, umiliki wa kazi za akili. Kama una programu uliyoiandika chuoni au hataza inayosubiri, iorodheshe kwenye kiambatisho cha kazi za awali kabla ya kuweka saini, na uthibitishe na ofisi ya hataza ya chuo kipi ni chako na kipi ni chao.